Kwenda Harrow Kunyoa Kichwa Kimoja

Nyie mliokuja dukani Jumatatu mkaniuliza kwa nini nina karatasi za rangi masikioni na nilikuwa wapi Jumapili nzima, niliwajibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Kinyozi anayesimulia huku ameshika wembe si mtu wa kuaminiwa. Sasa nimekaa, nimeandika, msome kwa nafasi. Asiyeamini akamuulize Kombo.

Kwa wasionijua, mimi ni Athman, mtu wa Mombasa, kinyozi. Hapa Barking nimekodi kiti kimoja katika duka la watu, na jina lililoandikwa juu ya mlango si langu. Mikono ndiyo yangu, na mikono hii, nisiwafiche, inajulikana.

Barking: mikate miwili

Nelida ni mama wa Kibolivia anayesafisha ofisi zilizo juu ya duka letu. Kwao ni milimani, ni wa wale wenyeji waliokuwapo kabla Mhispania hajatia mguu. Akiwa kazini, mwanawe Dani, mtoto wa miaka minne, huja kukaa kwenye kiti changu kama sina mteja, akasikiliza mashine inavyonguruma. Dani alikuwa na nywele hadi kiunoni, nyeusi, nzito, zimesukwa mkia. Mimi kwa muda mrefu nilidhani ni msichana, hata nikamnunulia vibanio vya waridi. Alivipokea, akavibana vyote.

Jioni moja Nelida akaja na mumewe, Wilber. Wilber amevaa tai. Mkononi ana mikate miwili mikubwa ya duara, chupa ya soda na kikapu cha matunda. Wakasimama mbele yangu wima, kama watu waliokuja kuposa. Nelida akaeleza kwa Kiingereza chetu kile cha kuungaunga: wananiomba nimkate Dani nywele zake za kwanza, maana tangu azaliwe hazijaguswa na mkasi. Iwe Jumapili, mbele ya bibi yake, Mama Basilia, aliyekuja kuwatembelea na ambaye jioni ya siku hiyo hiyo anapanda ndege kurudi Bolivia. Sherehe itakuwa Harrow, kwa kuwa Wilber ni mtunza ukumbi huko na amepewa ukumbi siku moja bure.

Mie nikadhani mikate ni arubuni. Kwetu nimewahi kulipwa kuku, sembuse mkate. Nikaipokea, nikaukata mmoja pale pale, nikala, nikawagawia na wateja. Wilber machozi yakamlengalenga. Nikajiambia, huyu mtu anapenda nywele za mwanawe kweli kweli.

Akaniuliza, "Na wewe unataka nini kwetu?"

Sasa, mtu wa pwani mwenye adabu hataji bei mbele ya mkate. Nikasema kama tusemavyo sote, "Tutaelewana tu, bwana. Sisi si ndugu?"

Wakatazamana. Nelida akanishika mikono yote miwili. Nikaona nimepata wateja wa maisha.

Barking hadi Thornton Heath: mahamri

Walitaka twende pamoja alfajiri kwenye gari la kubebea masufuria. Nikakataa. Fundi hafiki kazini amekalia sufuria. Halafu mashine yangu ndogo ya watoto, ile isiyopiga kelele nyingi, ilikuwa kwa Kombo huko Thornton Heath tangu Idi. Nani angemnyoa mtoto wa watu kwa mashine ya madevu? Basi, ili niende kaskazini magharibi ya London, nikaanza kwa kwenda kusini. Tafadhali msicheke bado.

Kombo ni kinyozi mwenzangu, mtu wa Likoni. Nilipanga nisimame mlangoni, nichukue mashine, nigeuke. Mlango ulipofunguka harufu ya iliki ikanipiga puani.

"Naenda kazini, Kombo. Nipe mashine tu."

"Wataka mke wangu anionaje? Mgeni aje asubuhi, aondoke na tumbo tupu? Kaa hapo."

Mahamri na mbaazi za nazi. Mie ni binadamu. Nilikuwa kwenye hamri la nne simu ikalia, Nelida: "Don Athman, umefika wapi?"

"Niko njiani," nikasema, na kwa kweli nilikuwa nimekaa karibu na njia.

Nikamwambia kama wana haraka basi waanze na kinyozi yeyote wa Harrow, mimi nitakuja kurekebisha. Nelida akasema, "Hapana. Bila wewe haiwezekani."

Nikaweka simu mezani polepole. "Kombo, wasikia? Bila mimi haiwezekani. Harrow yote, vinyozi wamejaa kama njugu, lakini bila mimi haiwezekani."

"Shika mashine yako uende," Kombo akasema, "kabla hicho kichwa hakijawa kikubwa kikakwama kwenye mlango wa treni."

Thornton Heath hadi Harrow: basi

Jumapili ya London mnaijua. Reli inalala chali na mafundi wanaipasua tumbo. Treni ya kwanza ikanifikisha mjini vizuri. Ya pili ikatembea kidogo, ikasimama, tukaambiwa sote tushuke, mbele kuna matengenezo, kuna basi. Basi lenyewe lilitufuata baada ya watu kuanza kujuana majina. Dereva alikuwa mgeni wa njia ile. Tulipita mtaa mmoja wenye kanisa la kijani, tukazunguka, tukapita tena kanisa la kijani, na mara ya tatu abiria wakalipungia mkono.

Nelida akapiga tena. Nyuma yake nilisikia ngoma na filimbi. Akasema mama ameshavaa, amekaa, mzigo wake uko mlangoni. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege likija ataondoka, tumekata au hatujakata. "Na hatarudi, Don Athman. Magoti yake hayawezi tena safari hii. Alikuja kwa ajili ya nywele hizi tu."

Mambo ya sifa yalikuwa yamenifurahisha, lakini bibi kizee kuvuka bahari akarudi mikono mitupu kwa sababu ya mbaazi za Kombo, hilo sikulitaka. Nikaanza kuomba dua kwa Kiswahili, kwa sauti, na ndipo mzee wa Kihindi aliyekaa ubavuni mwangu, amepakata boksi la ladu, vile vitamutamu vya Kihindi, akageuka.

"Wewe ni mtu wa Mombasa," akasema. "Mimi ni wa Kisumu. Nimezaliwa pale, nimesoma pale, nimepigwa fimbo pale."

Jina lake Mzee Jayanti, mkazi wa Harrow tangu ujana. Furaha niliyoipata! Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda ukumbi mmoja Harrow, kuna mtoto ananyolewa nywele za kwanza, ukoo umekusanyika, na mimi ndiye kinyozi.

Mzee akanipiga paja. "Lakini mimi pia naenda huko huko! Fuata mimi, bwana. Huu ukumbi najua kama mfuko wangu."

Jamani, niambieni, katika mji huu wa mamilioni, siku hiyo hiyo, mtaa huo huo, nywele za kwanza za mtoto ukumbini: ni nani kati yenu angeuliza swali la pili?

Harrow: ukumbi wa kwanza

Tukaingia. Maua ya manjano hadi darini, sari za kila rangi, mtu wa dini anasoma sala. "Kinyozi amefika!" Mzee Jayanti akatangaza, na watu sitini wakashusha pumzi kwa pamoja.

Nikatafuta tai ya Wilber. Nikatafuta ngoma. Nikamwona mtoto: kanono, wa mwaka mmoja, amepakatwa na bibi yake, hajasukwa wala nini. Nikamtazama, naye akanitazama, na tukaelewana wawili sisi kwamba kuna kosa. Wahindi nao wana siku yao ya kumnyoa mtoto, na kinyozi wao waliyemkodi alikuwa amekwama kwenye reli ile ile iliyonikwamisha mimi.

"Samahani, mama," nikamwambia mwenye shughuli, "nadhani mimi si..."

"Saa nzuri inapita!" akasema. "Nyoa!"

Enyi ndugu, kinyozi ni kinyozi. Kuna mashine mkononi, kuna kichwa mbele yako, watu sitini wanakuangalia. Nikanyoa. Husemwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za mtoto yule nilizimaliza zote, na hakutoa hata chozi. Wakapiga makofi. Mtu akanisukumia ladu kinywani, mwingine akanitia bahasha mfukoni, na kabla sijameza nikajikuta nje na mlango umefungwa. Kazi safi, hakuna aliyeniuliza jina.

Simu: Wilber. Ukumbi wao ulikuwa mitaa miwili mbele, nyuma ya duka la mazulia. Gari la kumchukua mama lilikuwa njiani linakuja. Nikakimbia. Mkiwa mmeshaniona nikitembea, mtajua maana ya neno hilo.

Harrow: ukumbi wa pili

Mlangoni nikamwagiwa karatasi za rangi kichwani kwa viganja, ngoma ikapamba moto, watu nisiowajua wakanikumbatia. Katikati amekaa Dani kitini kama mfalme aliyechoka. Kando yake, kibibi kifupi, kofia ya mviringo, sketi pana, mikia miwili ya nywele mgongoni. Mama Basilia. Alinitazama kuanzia viatu hadi utosi, kisha akatikisa kichwa mara moja: sawa.

Nikaenda mbio. Shuka nikalikung'uta, mashine nikaichomeka, nikaitia mafuta, nikaijaribu hewani. Bzzz. Ngoma ikakatika ghafla. Mwanamke mmoja akaficha uso.

Wilber akaja kwa aibu, mkononi sinia, na juu ya sinia kijimkasi kilichofungwa utepe. Ndipo nikaona nywele za Dani zimegawanywa vifungu vidogo vidogo, kila kimoja na utepe wake.

"Wewe unakata kimoja," Wilber akasema. "Cha kwanza. Halafu wengine, kila mtu kimoja."

"Kimoja?" Damu ikanipanda. "Nimevuka London nzima kwa kifungu kimoja? Na hawa wengine ni vinyozi? Mie kazi ya kushirikiana na umma siifanyi!"

"Si kazi," Nelida akasema. "Nani alikwambia ni kazi? Tulikuja kwako na mikate. Ukaila. Ukasema sisi ni ndugu. Wewe ndiye baba wa nywele wa Dani. Compadre wetu. Mzazi mwenzetu."

Jamani. Niliitazama mashine yangu ikinguruma peke yake mkononi. Nikaizima.

Nikashika kisingizio cha mwisho kilichobaki. "Lakini mimi ni Muislamu. Mambo ya ubaba wa ubatizo, kanisani, siyawezi."

Nelida akamfasiria mama yake kwa Kikechua, lugha ya kwao milimani, na kibibi kikacheka hadi kofia ikalala upande. Akaanza kusema, Nelida akifuata nyuma kwa Kiingereza, na haya ndiyo niliyoyashika.

Ubaba wa maji ndio wa kanisa, akasema. Huu wa nywele ni wetu, ni wa zamani kuliko kanisa. Walipokuja Wahispania, mapadri wakaona watu wakikata nywele za watoto na kuzitolea sadaka, wakasema ni mambo ya shetani, wakapiga marufuku. Lakini mapadri hao hao walikuwa wanafundisha kwamba kila mtoto awe na baba wa ubatizo. Wazee wakakaa, wakafikiri. Mwaka uliofuata padri akapita, akakuta mtoto ananyolewa. "Nini hiki?" "Hapana kitu, Padri. Mtoto ana baba wa nywele tu, kama ulivyotufundisha. Karibu ule kuku." Padri akala kuku.

"Na wakati wa migodi," akaendelea, "unajua baba wa nywele walimchagua nani? Mnyapara. Yule yule Mhispania mwenye mjeledi. Wanamwendea na mikate, wanamsifu, anaona ni heshima. Anakata kifungu. Basi, ameshakuwa mzazi mwenzako. Jumatatu atakupigaje mjeledi mbele ya mtoto aliyemkata nywele? Ataona haya. Na asipoona haya, mkewe atamwambia."

Nilicheka, nikakumbuka kwetu. Wareno walipotujia Mombasa na mizinga yao, tukachukua maneno yao, meza na leso, tukawaachia ngome. Sikujua kuna watu huko milimani waliochukua hata mjeledi wakaufanya jamaa.

Halafu kicheko kikanikwama. Kumbe nimechaguliwa kama mnyapara. Wamedhani mimi ni mtu mkubwa, mwenye duka, mwenye jina barabarani.

"Nelida," nikasema, na naona haya hata kuandika, "mwambie mama ukweli. Duka lile si langu. Mimi nina kiti kimoja tu, na hicho nimekikodi."

Mama Basilia alisikiliza. Akajibu maneno machache, na Nelida akayafasiri. "Anasema, mnyapara tulimchagua kwa sababu tulimwogopa. Wewe hakuna anayekuogopa. Lakini una kiti kimoja, na mjukuu wangu ndiye anayekikalia."

Nikachukua mkasi. Nimenyoa maharusi, maiti, na mwanasiasa mmoja mlevi, lakini kichwa chenye tepe sijawahi kupewa. Nikashika kifungu cha kwanza. Nikakata. Ngoma ikapigwa, Dani akashika pale palipokatwa, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Barking, "Is it gone?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, na neno hilo likanitoka kabla sijalipima.

Wakafuata wageni mmoja mmoja, chap, chap, kila mmoja anakata anakotaka. Mateso yangu Mungu ndiye anayajua. Kichwa kilikuwa kinageuka shamba lililoingiliwa na nguruwe mwitu, na mimi nimeketishwa mahali pa heshima siruhusiwi kugusa. Ili nisipige kelele nikala. Walikuwa wamenipikia kuku wangu peke yake, sufuria yake peke yake, halali kutoka Barking. Na pembeni, bakuli la tende! Nyeusi, zimekunjamana vizuri. Nikatia mbili kinywani kwa mkupuo, nikasema bismillahi, nikauma.

Haikuwa tende. Ilikuwa kiazi. Huko kwao huvilaza viazi nje usiku vikagandishwa na baridi, mchana wakavikanyaga kwa miguu kutoa maji, wakavianika hadi vinakuwa vyeusi na vyepesi, na vinakaa miaka. Wilber akaniambia ndivyo walivyobeba babu zake kwenda mgodini. Nikaendelea kutafuna. Sikuweza kutema chakula kilichofika mbali hivyo.

Honi ikalia nje. Gari.

Mama Basilia alikuwa wa mwisho. Akakata kifungu chake bila haraka, wakati dereva anapiga honi mara ya pili. Akavikusanya vyote kwenye kitambaa cha sufu, akafunga fundo, akatia kifuani. Kisha akanigeukia, akaonyesha lile shamba la kichwa, akasema kitu. Ukumbi mzima ukacheka.

"Anasema," Nelida akanifasiria, "sasa, compadre, onyesha hiyo kazi yako."

Alhamdulillahi! Nikawasha mashine. Sijawahi kufanya kazi vile na sidhani nitafanya tena. Dereva aliingia kugomba, akaishia kusimama kutazama. Nilipopuliza nywele za mwisho shingoni, alikuwa ametokea mvulana ambaye hakuna aliyewahi kumwona, mwenye masikio makubwa na paji la uso la bibi yake.

Mama Basilia akaweka kiganja juu ya kichwa kile, akakiacha hapo. Dani alitulia. Kisha bibi akanishika mimi mkono, mkono wake mdogo mgumu kama gome, akaniambia, na Nelida akafasiri huku analia waziwazi: akiugua mtoto, wewe ndiye utakayeitwa. Ukiugua wewe, wao ndio watakaoitwa. Mimi sipo, lakini ninyi mpo.

Nikambusu mkono kama nambusu mama yangu. Akaondoka.

Kurudi

Nilikataa lifti ya gari la masufuria, safari hii kwa sababu halikuwa na nafasi. Walitakiwa kwanza wafagie ukumbi na kurudisha viti. Wakanipa mfuko wa vile viazi vyeusi, nikaukumbatia. Basi likapita tena kanisa la kijani. Treni ikasimama ilipotaka. Sikumlaumu mtu.

Nilifika Barking jua la Julai bado halijazama. Nikapanda ngazi za chumba changu, nikatia ufunguo, na simu ikalia. Wilber. Walikuwa wamekwama barabarani na masufuria yao, Dani amelala.

"Compadre, umefika?"

Nimekaa mji huu miaka mingi. Nimetoka Leicester usiku, nimetoka Birmingham kwenye theluji, nimetoka hospitali siku moja na bandeji tumboni nikapanda ngazi hizi hizi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nimefika. Wala sikuwa nimeona kwamba hakuna, mpaka aliponiuliza.

Ufunguo ulikuwa umeshazunguka. Mlango ulikuwa wazi.

"Bado, compadre," nikamwambia. "Bado kidogo."

"Sawa. Nitapiga tena."

Nikakaa pale kwenye ngazi, mfuko wa viazi mapajani, nikasubiri apige.